Haki ya mgonjwa katika msongamano wa dharura



Ndugu zetu Waislamu, ni wachache miongoni mwetu ambao hawajapata kukesha katika idara ya dharura ya hospitali kubwa. Mgonjwa yuko juu ya machela ukumbini, na mwanawe amesimama kichwani akimuuliza kila mwenye koti jeupe kama zamu ya mzee imefika. Aliyekuja nyuma yao ameingizwa kwanza. Hapo manung'uniko huanza, na mara nyingine matusi. Tumeona leo tulitazame jambo hili, kwani lina upande wa uendeshaji na upande wa dini, na wengi huzichanganya pande hizo.

Tuanze na linaloudhi zaidi. Idara ya dharura haihudumii kwa foleni kama dukani. Muuguzi wa mlangoni hupima pumzi, mapigo ya moyo, shinikizo la damu na fahamu, kisha humweka kila mgonjwa katika daraja lake. Wa rangi nyekundu hasubiri, na wa kijani husubiri hata kama alitangulia tangu alfajiri. Huo ni uadilifu, wala si upendeleo. Dhuluma huingia pale wa kijani anapopewa nafasi ya mwekundu kwa kuwa mjomba wake ni mkubwa, au ametoa chochote mlangoni. Kwa hilo tunayo Suratu 'Abasa, iliyoteremka kwa ajili ya Abdullah bin Ummi Maktum, kipofu aliyekuja kutaka ilimu Mtume (S.A.W.) akiwa katika mazungumzo na vigogo wa Makureshi. Ikiwa Mtume alizinduliwa kwa kukunja uso mbele ya mtu asiyemwona, sisi ni nani hata tumruke maskini anayekata roho?

Jambo la pili jamaa waliosimama ukumbini hawalioni. Wengi hudhani msongamano huletwa na wingi wa wanaoingia tu. Wataalamu wa fani hii wanaeleza kuwa chanzo kikubwa kiko kwenye mlango wa kutokea: mgonjwa amekwisha kuonwa, imeamuliwa alazwe, lakini wodini hakuna kitanda. Hubaki palepale, akichukua machela na muuguzi ambaye angempokea anayefika. Uingereza, kwa utajiri wake wote, ilijiwekea kipimo kwamba wagonjwa 95 katika kila 100 wamalizwe ndani ya saa nne, na tangu mwaka 2015 haijakifikia; wazee hulala maukumbini huko kama huku. Kwetu Tanzania, idara kamili ya dharura ilifunguliwa Muhimbili mwaka 2010, na madaktari bingwa wa fani hiyo wakaanza kusomeshwa hapo. Alhamdulillahi. Lakini mlango mpya usio na vitanda nyuma yake huhamisha ukumbi tu. Mwaka 2001 wakuu wa nchi za Afrika waliahidi mjini Abuja kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Nchi nyingi hazikuitimiza, na ahadi itaulizwa Siku ya Kiyama.

Lipo la tatu, nasi tunaliona zito kuliko kusubiri kwenyewe, nalo ni stara. Mama mtu mzima hufunuliwa nguo mbele ya wapita njia, akaulizwa siri za maradhi yake kwa sauti inayosikika hadi kwenye benchi. Pazia si mashine ya kuagizwa ng'ambo. Katika vita vya Handaki, Sa'd bin Mu'adh (R.A.) alipojeruhiwa, Mtume (S.A.W.) aliamuru apigiwe hema ndani ya msikiti ili amzuru kwa karibu, wanahistoria humtaja Bibi Rufaida kuwa ndiye aliyewauguza majeruhi humo. Vita havijaisha, na bado majeruhi alipewa hema lake.

Nasi jamaa tuna sehemu yetu. Kumzuru mgonjwa ni haki yake juu yetu, lakini watu ishirini kuizunguka machela moja ni kumzibia muuguzi njia. Abaki mmoja anayejua habari za ugonjwa, akiwa na dawa zote mgonjwa anazotumia.

Zaidi ya hayo, turudi kwenye kile kitanda cha wodini. Mara nyingine aliyekilalia amekwisha ruhusiwa na daktari, ila hajalipa gharama, au hana wa kumchukua. Sultani Qalawun alipojenga hospitali yake Kairo, mwaka 1284, aliiwekea wakfu ili tajiri na fukara watibiwe humo. Kamati za misikiti yetu zinaweza kuanza na dogo kuliko hilo: kuulizia hospitalini kila wiki nani amezuiliwa na deni. Wenye madeni wametajwa katika Suratut Tawba, aya ya 60, kuwa ni miongoni mwa mafungu manane ya zaka, kwa hiyo Muislamu asiye na uwezo wa kulipa hulipiwa humo. Asiye Muislamu, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, hapewi katika fungu hilo. Basi naye alipiwe kwa sadaka, ambayo haina mpaka huo.