Betri ya zamani isitoke kwanza

Mwandishi, ushauri wa makala yako wa kutoa betri ya zamani ndipo uweke mpya utawaumiza watu. Kwenye osiloskopu kama Tektronix 2465A, betri hiyo ya lithiamu ndiyo inayotunza namba za kalibresheni. Ikitoka tu, zimefutika, na fundi wa Tunduma atapata wapi vifaa vya kuzirudisha? Ng'ambo ya mpaka pale Nakonde nako sidhani.

Kwanza piga picha namba zote zinapoonekana kwenye skrini. Kisha zima, chomoa waya wa umeme, unganisha betri mbili mpya za redio kupitia dayodi sambamba na ile ya zamani, ndipo ubadilishe. Mbili, siyo tatu! Tatu zitasukuma umeme ndani ya lithiamu, nayo haichajiwi. Kifaa cha kulehemu nacho kichomoe ukutani kabla ya kugusa betri.

Na usidanganywe na mita: lithiamu hushikilia volti karibu hadi mwisho, halafu huanguka ghafla. Angalia umri wake.

2465B za baadaye ni habari nyingine, betri imo ndani ya chipu yenyewe. Tafadhali rekebisha makala kabla mtu hajashika bisibisi.