Gari la Kiwete Lichaguliwe Naye Mwenyewe

Mara nyingi watu wa kanisa wanakusanya feza ili kumnunulia kiwete gari la magurudumu. Ni kazi njema sana. Lakini mara nyingi pia, baada ya miezi michache, gari lile linakaa nyuma ya nyumba, kuku wanalala juu yake, na mwenyewe angali anatambaa chini. Sababu ni nini? Wote waliulizwa isipokuwa yeye. Mimi nasema: feza zisitoke mpaka yeye amepimwa, amelijaribu gari, na amesema linamfaa.

Wengine wanafikiri kwamba kiti chochote ni bora kuliko kukosa kiti. Si kweli. Mtu aliyevunjika uti wa mgongo mara nyingi hasikii maumivu katika matako. Akikaa siku nzima pasipo mto wa kufaa, nyama inaoza naye hajui. Kidonda kile kinaweza kufika mfupani na kumwua. Inampasa kujiinua kwa mikono mara kwa mara, na jamaa watazame ngozi yake kila siku. Lakini mtu aliyelegea miguu kwa polio anasikia vema, na pengine mikono yake ina nguvu nyingi. Je, gari la namna moja litawafaa hawa wawili?

Tena kuna kipimo. Kiti kiwe na upana wa kiuno chake, kisizidi. Pimeni toka mgongoni mpaka nyuma ya goti, kisha punguzeni sentimeta 3 mpaka 6. Huo ndio urefu wa kikalio. Nyayo zisining'inie. Mtoto apimwe tena na tena, maana anakua. Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu juu ya kazi hii mwaka 2008, nalo linafundisha hivyo: mtu apimwe, kiti kirekebishwe, afundishwe kukitumia, na baadaye atazamwe tena.

Kisha tazameni njia. Kiti cha hospitali chenye magurudumu madogo mbele kimefanywa kwa sakafu laini. Katika matope kinazama, na juu ya mawe ya volkano kule Goma kinakwama. Kwa safari ndefu, kinga ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono inashinda. Kwa miaka mingi wachuuzi viwete wa Kinshasa walivuka mto Kongo mpaka Brazzaville na magari ya namna hiyo, yamejaa bidhaa, wakalisha jamaa zao.

Lakini hata hiyo haifai watu wote. Ni ndefu, haipiti katika milango mingi. Mwenye mikono dhaifu hawezi kuizungusha. Na mtu anayepanda motokari kila mwezi kwenda kwa munganga ataiacha wapi? Huyo atafute kiti kinachokunjwa, ili kiwekwe pamoja na mizigo.

Mtu atasema, «Feza zetu ni chache, hatuwezi kuchagua.» Kwa sababu ni chache, ndiyo maana mchague! Gari linaloachwa nyuma ya nyumba ndilo la bei kubwa kuliko yote. Afadhali gari ambalo fundi wa kinga wa kijijini anaweza kulitengeneza, na mipira yake inapatikana sokoni, kuliko gari zuri toka Ulaya lisilo na vipande hapa.

Basi, kabla ya kununua, kaeni naye mwulize: Unataka kwenda wapi kila siku? Mlango wako una upana gani? Nani atalitengeneza likivunjika? Ngojeni majibu yake, wala msimjibie. Miguu yake imelegea, lakini akili yake ni nzima, naye ndiye atakayekaa juu ya kiti hicho toka asubuhi mpaka jioni.