Mama wa malewa si mzigo, muacheni apike

KAMANYOLA – Kuna wakaaji wanaosema kwamba mama mkimbizi anayeweka sufuria kandokando ya barabara ya Bukavu–Uvira anachafua mji. Wanataka afukuzwe, ao atozwe taksi asubuhi kabla hajauza hata sahani moja. Wanakosea.

Vita vya Desemba 2025 vilikimbiza maelfu ya watu wa Kamanyola na Luvungi. Wengi walivuka Ruzizi wakaingia Burundi. Mashamba yalibaki nyuma. Ujuzi wa kupika haukubaki: bugali, sombe, maharagi, ndagala za Tanganyika, wali wa bonde la Ruzizi.

Tazameni Uingereza. Mabaharia wa Sylhet, katika Bangladesh ya leo, walishuka melini bila mali. Wao na ndugu zao wakafungua migahawa ya wali na mchuzi wa viungo. Mwaka 2001, waziri wa mambo ya inje Robin Cook alitangaza kwamba kuku wa tikka masala ni chakula cha taifa la Uingereza. Chakula cha mgeni kikawa cha wenyeji.

Anayelalamikia uchafu ana haki ya kudai maji safi na choo. Lakini adai kwa viongozi, asimwage chungu cha mjane. Sahani anayouza ndiyo inayolisha watoto wake siku msaada haujafika.

Viongozi, taksi ingojee mama auze kwanza. Wakaaji, mukipita, kaeni mule. Na mulipe.