Mlango wa Nostromo: Kuitazama Upya Filamu ya Alien

Mtazamaji wa mara ya kwanza wa Alien, filamu ya Ridley Scott ya mwaka 1979, huondoka na picha moja kichwani: kiumbe kichanga kikipasua kifua cha Kane mezani, katikati ya mlo. Mengine yote humezwa na tukio hilo, na Ripley huonekana mtu mkavu asiye na huruma.

Kwa mhudumu wa afya aliyepitia wodi za Uviko-19, mtazamo wa pili hukuta kitisho mahali pengine: mlangoni. Kane amerudishwa chomboni Nostromo na kiumbe kimemng'ang'ania usoni. Nahodha Dallas, aliye nje pamoja naye, anaamuru mlango ufunguliwe, kwani mwenzao huenda akafa. Ripley, ambaye kwa wakati huo ndiye ofisa mwandamizi ndani, anakataa: kanuni inadai karantini ya saa 24. Ash, ofisa wa sayansi, anaufungua.

Kitendo cha Ash hufanana mno na huruma. Baadaye hubainika kuwa ni roboti, na kwamba kampuni imemwagiza akilete kiumbe hicho hata kama mabaharia wote watapotea. Mtazamaji aliyepumua kwa faraja mlango ulipofunguka alikuwa upande wa asiyemjali mgonjwa, naye alimlaumu aliyebeba dhamana ya wote.

Hata hivyo, Dallas si mpumbavu. Ombi lake ni la kila ndugu aliyewahi kusimama nje ya wodi ya kutengea wagonjwa, kikapu cha chakula mkononi. Hapa ndipo Ripley anapopungukiwa, na jambo hili husemwa mara chache: anaitaja kanuni na hatari, lakini hasemi hata neno moja kuhusu namna Kane atakavyohudumiwa katika saa hizo 24. Karantini isiyo na jibu la swali hilo humpa kila mwenye huruma sababu ya kuivunja.

Kisha kiumbe kinajiachia na kufa. Kane anaamka, anacheka, ana njaa. Hakuna anayewaza tena kumtenga. Wote wanaketi kula kwa furaha. Katika mtazamo wa pili, jicho huhama kutoka kwa Kane na kumtafuta Ash, ambaye, kabla kikohozi hakijaanza, tayari anamkodolea mgonjwa macho.