Kanga Iondoke Sokoni, Isiondoke Kumbukumbuni

Katika maduka ya jumla ya Mtaa wa Msimbazi na Mtaa wa Uhuru, Kariakoo, hukumu hutolewa kila msimu pasipo hakimu wala karani. Kanga hii itachapwa tena. Ile haitachapwa tena. Hukumu hiyo haiandikwi popote, haikatiwi rufaa, na mara nyingi hata aliyeitoa hajui kwamba ameitoa. Yeye ameona tu kuwa korija moja imekwisha kwa siku tatu, na nyingine imelala rafuni tangu Mfungo Mosi. Basi ya kwanza huagizwa upya, na ya pili huachwa ife.

Yafaa sisi tulio maofisini na madarasani tulitazame jambo hili kwa makini, kwa sababu kinachokufa pale si nguo tu. Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Pindo na mji ni kazi ya mchoraji. Jina ni kazi ya lugha. Kanga inapostaafishwa, huondoka na mchoro ambao pengine hautachorwa tena, na huondoka na usemi wa Kiswahili uliokuwa ukitembea barabarani, ukiingia katika nyumba za harusi na za matanga, ukisomwa hata na yule ambaye hajawahi kununua kitabu. Kwa hiyo maswali ni mawili. Nani aamue kanga ipi iendelee na ipi istaafu? Na ikishastaafu, iende wapi?

GHARAMA YA MCHORO

Kabla ya kumlaumu mfanyabiashara, tuielewe kazi yake. Kanga haichapwi kwa hisani. Kila rangi iliyomo katika mchoro huhitaji chombo chake cha kuchapia: zamani lilikuwa rola la shaba lililochongwa kwa ustadi mkubwa, na baadaye ikaja skrini ya duara. Kanga ya rangi nne ni skrini nne. Gharama ya kuzitengeneza ni ileile, kiwanda kichape doti mia moja au doti elfu kumi. Mchoro usiouzika kwa wingi, basi, ni hasara tangu haujakanyaga dukani.

Ndiyo maana biashara hii ina taratibu zake za kurefusha maisha ya mchoro. Ukipendwa, hurudishwa kwa rangi nyingine. Rangi zikichosha, hubadilishwa jina. Mama ambaye amekwisha kuwa nayo ile ya kwanza hununua tena, maana safari hii maneno yanamhusu yeye na jirani yake. Kinyume chake, mji mzuri sana huweza kukosa mnunuzi kwa kuwa jina limepooza, au kwa kuwa limekuwa kali kupita kiasi na hakuna anayethubutu kulifunga kiunoni mbele ya wifi yake.

Muuzaji wa jumla ndiye sikio la kiwanda. Wanunuzi wake hutoka mikoani, na wengine hutoka Komoro, Zambia na Kongo. Hawatoi hotuba. Hufungua doti, husoma jina, hushika kitambaa kuona kama ni kizito, huuliza kama kinachuja rangi. Mmoja akisoma jina na kucheka, akamwita mwenzake naye asome, muuzaji amekwisha kupata jibu lake. Anajua pia kalenda ya nchi kuliko wengi wetu: harusi za kabla ya Ramadhani, Idi, fedha za korosho kusini na za pamba kanda ya Ziwa. Kanga iliyotolewa mwezi usiofaa huweza kuhukumiwa bila kosa.

Zipo zinazokufa haraka kwa asili yake. Kanga ya sherehe, ya mkutano au ya tukio huzaliwa na tukio na huondoka nalo. Barack Obama alipochaguliwa kuwa Rais wa Marekani mwaka 2008, kanga yenye sura yake ilitoka, ikagombewa, kisha ikapita. Na ipo isiyostaafu kabisa. Kisutu, kile chekundu, cheusi na cheupe, kwa kawaida hakina hata jina, wala hakimsengenyi mtu. Lakini kimeziona zama zote za kanga, na kingali kinauzwa. Sababu yake si fasheni. Kisutu kimeshikwa na mila ya bibi harusi, na ilimradi kuna harusi, kuna kisutu. Soko peke yake lisingeweza kukipa umri huo. Kimepewa na watu.

MASHUA, BARUA NA VIWANDA VYETU

Mpango huu wa kuchagua na kuacha ni wa zamani. Tangu mwishoni mwa karne ya 19 kanga zetu zilichapwa mbali: Uholanzi, Uingereza, India, kisha Japani. Mwanamke wa Unguja au Mombasa alikuwa akisema neno dukani. Mwenye duka akaliandika katika barua. Barua ikasafiri baharini. Na baada ya miezi shehena ikarudi. Katika nyumba zilizojulikana sana kwa kazi hiyo ni ile ya Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, iliyoanza mwaka 1887, ambayo alama yake, "Mali ya Abdulla", bado husomeka katika pindo za kanga. Yeye ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa alianzisha kuandika majina. Hapo mwanzo majina hayo yalikuwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu.

Kwa kuwa kosa moja lilikuwa na maana ya shehena nzima kulala, wenye viwanda wa Ulaya walijifunza kuweka kumbukumbu. Waliweka vipande vya nguo, michoro na namba zake. Matokeo yake leo ni ya kusikitisha. Mtafiti anayetaka kuona kanga walizovaa bibi zetu huelekezwa Helmond, Uholanzi, katika hifadhi ya kampuni ya Vlisco, au huelekezwa London, katika British Museum. Wao waliotuuzia wameitunza hesabu ya walichotuuzia. Sisi tuliovaa hatuna daftari la namna hiyo.

Baadaye tukapata viwanda vyetu. Kiwanda cha Urafiki, pale Ubungo, kilianza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China, na Mwatex ya Mwanza na Mutex ya Musoma zikawa majina ya kila nyumba. Kwa mara ya kwanza pamba ya Tanzania ilisokotwa, ikafumwa na kuchapwa kanga humu humu nchini. Hilo lilikuwa jambo la fahari, na hapana haja ya kulipunguza. Lakini ipo sehemu ya historia hiyo inayotufaa kama onyo. Katika miaka ya uhaba, mwanzoni mwa miaka ya 1980, kanga ilinunuliwa kwa sababu imepatikana, si kwa sababu imependwa. Mwenye foleni hachagui mji wala jina. Kiwanda ambacho kila doti yake inakwisha, nzuri na mbaya, hakina sababu ya kumuuliza mvaaji chochote.

Mwaka 1984 milango ya biashara ilipoanza kulegezwa na bidhaa za nje kurudi, mvaaji alirudishiwa haki yake ya kukataa, naye akaitumia. Viwanda vyetu viliangushwa na mengi: vipuri, fedha za kigeni, umeme, mitambo iliyozeeka. Hata hivyo kusahau kumsikiliza mnunuzi nako kulikuwa na sehemu yake. Kwa hiyo mwandishi huyu hapendekezi hata kidogo kwamba ofisi fulani ikae na kuamua kanga zipi wanawake wavae. Mvaaji ndiye mwenye neno la mwisho, na muuzaji wa Msimbazi ndiye mjumbe wake.

MFANO WA VITOFALI

Jambo hili si la kanga peke yake. Liko kwa kila anayeuza kitu chenye umbo moja na sura nyingi. Tuchukue kampuni ya LEGO ya Billund, Denmark, iliyoanzishwa mwaka 1932, ambayo hutengeneza vitofali vya plastiki vya kuchezea watoto. Kitofali cha mwaka 1958 hushikana na cha leo. Hicho ndicho pindo na mji wao, hakibadiliki. Kinachobadilika ni hadithi inayouzwa juu yake. Mwaka 1978 walitoa mafungu ya mji, ya ngome za kale na ya safari za anga. Mwaka 2001 walitoa fungu liitwalo Bionicle, likawasaidia kuvuka miaka yao migumu ya 2003 na 2004; nalo, pamoja na wema wake wote, likasimamishwa mwaka 2010. Wanao pia utaratibu wa kupokea mawazo ya wachezaji wenyewe: wazo likiungwa mkono na watu 10,000, kampuni hulipima na huweza kulitoa kama bidhaa.

Wenye busara watauliza kitofali cha mtoto wa Ulaya kinamhusu nini mama wa Kariakoo. Kinamhusu kwa jambo moja. Kampuni hiyo haina huruma katika kuondoa bidhaa sokoni. Seti nyingi huuzwa mwaka mmoja au miwili tu, kisha basi. Lakini huko Billund imeweka chumba cha hifadhi chenye masanduku ya seti zake za miaka na miaka, na mchoraji kijana huingia humo kujifunza waliomtangulia walifanya nini. Bidhaa imestaafu, elimu yake haijastaafu. Ikiwa kitu cha kuchezea kimepewa heshima hiyo, je, nguo inayompokea mtoto anapozaliwa na kumfunika bibi anapofariki inastahili pungufu?

DOTI MOJA KWA TAIFA

Pendekezo lenyewe ni dogo. Kila kiwanda kinachochapa kanga nchini, na kila mwagizaji anayeleta mchoro mpya kutoka India au China, aweke doti moja katika hifadhi ya taifa, pamoja na karatasi yenye mambo manne: jina la kanga, mwaka, kiwanda, na mchoraji. Si jambo geni katika sheria zetu. Mchapaji wa vitabu hutakiwa kupeleka nakala katika Maktaba ya Taifa, wala hakuna mchapaji aliyefilisika kwa sababu hiyo. Kanga nayo huchapwa, nayo husomwa. Makumbusho ya Taifa yana uzoefu wa kutunza nguo, na Maktaba ina uzoefu wa kuorodhesha maandishi. Taasisi hizi mbili zikae pamoja.

Jambo la nne katika karatasi ile, jina la mchoraji, ndilo zito kuliko yote. Kanga nyingi zinazopendwa hazina baba wala mama. Mchoro ukiuzika, baada ya muda mfupi nakala yake hutoka kiwanda kingine kwa kitambaa chepesi na bei ya chini. Yule wa kwanza hulazimika kuuacha mchoro wake mwenyewe kwa kuwa amezidiwa na kivuli chake. Huko nako ni kustaafisha, na ni kustaafisha kwa dhuluma. Tunayo Sheria ya Hakimiliki tangu mwaka 1999, na ipo ofisi ya kuisimamia. Lakini mchoraji atathibitishaje kuwa wake ndio ulitangulia, kama hakuna mahali ulipowekwa? Doti iliyohifadhiwa kwa tarehe ni shahidi asiyesahau.

Wapo watakaosema kwamba nchi ina mahitaji makubwa kuliko kabati la kanga. Ni kweli, na ndiyo maana hatuombi jengo wala bajeti ya kutisha. Wapo watakaosema pia kuwa majina mengi ya kanga ni mafumbo ya ugomvi na wivu, hayafai kutunzwa. Hapo hatukubaliani. Asemaye "Japo sipati, tamaa sikati" na asemaye "Usisafirie nyota ya mwenzio" wote wawili wanatuachia habari za namna watu walivyoishi, walichokiogopa na walichokitamani. Lugha iliyosafishwa mno haina historia.

Walimu wana sehemu yao, nao hawahitaji kungoja waraka. Mwalimu wa Kiswahili awape wanafunzi kazi ya juma moja: kila mmoja aandike majina ya kanga zote zilizomo nyumbani kwao, amuulize mama au bibi alizipata lini na kwa tukio gani. Darasa la watoto arobaini litarudi na mamia ya semi, na baadhi yake hazitaonekana tena katika duka lolote. Madaftari hayo yasitupwe mwisho wa mwaka. Yafungwe pamoja na kuwekwa katika maktaba ya shule. Hali kadhalika maofisa wa wizara na mashirika, ambao kila Mei Mosi na kila tarehe 8 Machi huagiza nguo za maadhimisho, waanze kwa kuweka akiba doti moja ya kila waliyoagiza.

Muuzaji wa Msimbazi aendelee kutoa hukumu yake. Anaijua kazi yake, na korija iliyolala ni mtaji uliolala. Sisi tusimwombe aivumilie kanga isiyonunuliwa. Tumwombe tu kwamba kabla haijatoka rafuni kwa mara ya mwisho, doti moja ikatwe na kupelekwa panapotunzwa, ikiwa na jina lake na jina la aliyeichora.