Ngoma Haipigwi Dakika Tano

Katika sherehe zetu hapa Johannesburg wapiga ngoma wa Burundi hupewa dakika tano, tena watu wakiwa bado wanagombea viti. Tunapinga!

Waandaaji husema ngoma ni zile zile. Si kweli. Abatimbo huingia wamebeba ngoma vichwani, huku wakizipiga. Inkiranya huwekwa katikati, amashakwe hushikilia mdundo usikatike, ibishikizo huifuata inkiranya. Kisha mmoja mmoja hujitokeza, akaruka, akaipiga inkiranya kwa namna yake. Ukikata muda, umewakata hao.

Na ni hao tunaowakumbuka. Sisi tuliokua tukisikiliza Radio Tanzania Dar es Salaam hatujamsahau Mzee Morris Nyunyusa. Alikuwa kipofu, akipiga ngoma nyingi peke yake, na ngoma zake ndizo zilizotuita kwenye taarifa ya habari. Watoto wetu watamkumbuka nani?

UNESCO iliitambua ngoma ya Burundi mwaka 2014. Kamati zetu zangoja nini? Santuri na spika zisubiri. Wapeni abatimbo nusu saa, kabla ya chakula, na watoto wakae mbele.