Mathe Alilala Kwa Hema Kabla Yangu

Nilikuwa nimepanga kila kitu. Mahema yamekodiwa, mathree ya abiria 14 imelipiwa nusu, mchele na ndengu ziko kwa mfuko. Watu wazima tisa, watoi watano, Jumamosi mpaka Jumapili, Ziwa Naivasha. Mchana kayaki, usiku moto wa kuni na stori. Kilichobaki ni kumwambia mathe abebe leso mbili na sweta.

Alinisikiliza mpaka mwisho akiendelea kukanda unga wa mandazi. Halafu akauliza swali moja tu: "Kwa hivyo unataka nilipe pesa ndio nilale kwa hema?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Umesahau Jamhuri," akasema.

Wasee, sikuwa nimesahau. Sikuwa najua. Januari 2008, baada ya kura, watu wengi wa Kibera walikimbilia uwanja wa maonyesho wa Jamhuri Park, si mbali na kwetu. Mimi nilikuwa na miaka minne. Mathe alinibeba mgongoni mpaka huko, tukalala kwa hema, akapanga laini ya uji na laini ya blanketi. Miaka yote hii sijawahi kumuuliza, na yeye hajawahi kusema. Mimi nikisikia kupiga kambi naona moto, gita na picha ya machweo. Yeye anaona kile kitu unapewa ukishapoteza nyumba.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiria jambo moja, na ndilo nataka tuongee leo. Hema ni hema. Mashua ni mashua. Lakini kuna watu hukutana na hivyo vitu siku ya raha, na kuna watu hukutana navyo siku ya balaa peke yake. Sisi wa Lindi tuko kwa hilo kundi la pili, na mimi nimechoka kuwa huko.

Angalia tu. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024, ni watu wangapi wa Nairobi walipanda mashua kwa mara ya kwanza maishani wakitolewa kwa nyumba zilizojaa maji? Hata huko Naivasha kwenyewe, mtaa wa Kihoto, ziwa likipanda watu huhama na vitanda na magodoro juu ya mashua. Kwa maji yale yale, mbele kidogo, kuna mtu amelipa apige kasia akivalia miwani ya jua. Simlaumu huyo wa miwani. Nauliza tu, mbona mtoto wa mtaa wangu ajue upande mmoja wa maji, ule wa kukimbia?

Kuna wale watasema, "Wewe unaongea kayaki na watu hawana kodi." Nimeisikia hiyo sana. Tulichanga soo moja kwa wiki, miezi sita. Watoi walilipiwa nusu. Soo kwa wiki ni ile doo hupotelea kwa bando na beti bila hata kuiona. Sisemi kila mtu anayo, kuna wiki mimi mwenyewe nilikopa. Nasema tu kwamba sisi huchangia matanga haraka, huchangia bili ya hospitali haraka, na hakuna mtu hutucheka. Tukichangia furaha ndio tunaulizwa kama tuko sawa kichwani.

Mathe alikuja mwishowe. Sababu aliyotoa ni kwamba hao watoto hawawezi kuachiwa mimi niwapikie.

Tulitoka mapema, tukapita barabara ya chini kupitia Mai Mahiu, na pale juu ya bonde kila mtu akanyamaza, hata dere akapunguza redio. Tulipofika kwa geti ya kambi, askari akatuangalia, akaangalia sufuria zetu, akauliza: "Nyinyi ni wa kanisa gani? Nani amewasponsa?"

Jirani yetu, mama wa watoto wawili na mdomo wa watu sita, akamjibu: "Tumejisponsa. Fungua geti."

Tulicheka mpaka tukatoa machozi. Lakini hilo swali limekaa kwangu. Askari hakuwa mbaya. Kwa kazi yake yote, watu wanaofanana na sisi walikuwa wamekuja na fulana za mradi, wakihesabiwa kama kondoo, wakipigwa picha za ripoti. Hakuwa amewahi kuona familia ya Kibera imekuja kupumzika tu, kwa pesa yake.

Sasa kayaki. Yule mtu wa kukodisha alitupa sheria: kaa mbali na viboko, usiingie karibu na mafunjo kwa sababu hujificha hapo, na urudi kabla ya upepo wa alasiri, maana Naivasha mchana ukisonga, mawimbi huamka. Safi kabisa. Lakini jaketi za kuelea zilikuwa za watu wakubwa karibu zote. Za watoto zilikuwa mbili. Akasema, "Hao wengine wataketi katikati, hakuna shida."

Shida iko. Kati yetu 14, wenye kujua kuogelea walikuwa wawili, na mmoja alijifunzia shags, mtoni. Tulikataa. Watoi wakaingia wawili wawili kwa zamu, wale wengine wakilia ufukweni kama wameibiwa. Walie. Afadhali mtoto alie ukingoni. Kama utabeba chochote kutoka kwa hii stori, beba hii: mahali hakuna jaketi ya saizi ya mtoto, mtoto haingii, hata kama umeshalipa.

Nilimuona dadangu wa miaka kumi akishika kasia. Dakika tano za kwanza alikuwa anazunguka mahali pamoja kama kuku aliyekunywa busaa. Halafu akashika mdundo, kushoto, kulia, na kayaki ikanyooka. Nilijua huo uso. Ni uso wa mtu amegundua kitu kikubwa kinaweza kumtii.

Mathe alibaki kwa kivuli. Jumapili asubuhi, maji yakiwa yametulia kama chai kwa sahani, akakubali kupanda ile ya watu wawili pamoja nami. Hatukuenda mbali. Aliweka mkono majini, akautoa, akaunusa. Akasema: "Hii maji haina harufu."

Hakuna kitu kingine alisema. Lakini mimi nilijua anafikiria maji gani.

Kwa wale hamjui, Lindi iko karibu na Nairobi Dam. Hilo bwawa lilijengwa 1953 liwe akiba ya maji ya kunywa ya jiji. Ni kama ekari 88. Na kwa miaka mingi watu walicheza hapo: kulikuwa na klabu ya mashua za tanga upande wa Lang'ata Road, watu walivua samaki, familia zilikuja kukaa wikendi. Kuna mzee hapa mtaani hushona viatu, anakumbuka akiwa kijana wakienda kuketi ukingoni kuhesabu matanga. Nilidhani anatupiga fiksi mpaka nikaona picha za zamani.

Leo ukisimama hapo huoni maji. Unaona kijani. Gugu maji lilifunika bwawa kuanzia mwisho wa miaka ya 1990, na chini ya gugu kuna matope, plastiki, na maji taka yetu. Kuna sehemu zimekauka kabisa mpaka watu wanalima juu yake. Mtoto mgeni anaweza kudhani ni uwanja.

Sasa unaona kichekesho? Tulichanga miezi sita, tukasafiri kama kilomita 90, ili watoto wa Lindi waguse maji, na nyumbani wanalala karibu na ziwa.

Najua jibu linakuja. "Choo hakuna, wewe unataka kayaki." Msee, hebu fikiria bwawa lilikufa vipi. Mto Motoine unatoka upande wa Dagoretti, unapitia msitu wa Ngong, unaingia hapo. Ukifika kwetu unabeba kila kitu ambacho hakina pa kwenda: maji ya kuoshea, takataka ambazo hakuna lori linakuja kuchukua, na choo za kupeperusha, ambazo watu hufunga kwa karatasi kwa sababu usiku huwezi kutembea mpaka choo cha kulipia. Hakuna mtu hapa aliketi akasema, tuue ziwa. Ziwa liliuawa na mabomba ambayo hayakuwahi kuwekwa. Kwa hivyo ukiniambia nichague choo ama kayaki, nakuambia ni mradi mmoja. Siku dadangu ataweka mkono wake Nairobi Dam na kuutoa bila harufu, hiyo siku utajua choo za Lindi zinafanya kazi. Utajua bila ripoti ya mtu.

Na si sisi pekee. Hayo maji yakitoka kwa bwawa yanakuwa Mto Ngong, yanapita Mukuru, yanaingia Mto Nairobi, kisha Athi, kisha Galana, mpaka Bahari ya Hindi karibu na Malindi. Kutoka Lindi mpaka Malindi, wazi. Kwa Kiswahili lindi ni shimo refu, kina. Nimekulia mahali panaitwa kina na sijawahi kuona maji yenye kina nyumbani kwetu.

Lakini kuna kitu kinanitia wasiwasi, na sitajifanya hakipo. Kila mara mtu mkubwa akisema "tunasafisha mto", watu wa hapa hawaoni kayaki, wanaona tingatinga. 2024, mafuriko yakiwa bado yanaendelea, serikali iliamuru watu watoke kandokando ya mito, mita 30, na mabati yakalala chini na watoto wakiwa nje kwa mvua. Ndio, kuishi ukingoni ni hatari, na nimeona maji yakiingia kwa nyumba usiku. Lakini mtu ukimtoa mtoni bila kumwambia aende wapi, umemrudisha kwa hema. Hema ile ya mathe, si ile yangu.

Ndio maana msimamo wangu uko hivi. Nataka bwawa lirudi, na nataka lirudi nikiwa bado ninaishi hapa. Wakianza kulisafisha, waanze na choo na mabomba, mtaa kwa mtaa, halafu gugu. Kazi hiyo wapewe vijana wa hapa. 2020 wakati wa Kazi Mtaani tuliona mitaro ikifunguka na vijana wa mtaa wakishika koleo, kwa hivyo msituambie hatuwezi. Na likiwa safi, ukingo ubaki wazi, bila geti, bila askari wa kuuliza sisi ni wa kanisa gani. Bwawa likipendeza halafu sisi tufukuzwe tupishe magorofa, hawatakuwa wametusaidia. Watakuwa wametupora mara ya pili.

Na kabla ya hiyo siku, usikae ukingoja. Anzeni chama cha soo na mbogi yako. Jifunzeni kuogelea, hata ni saa moja kwa mwezi kwa bwawa la kulipia. Na mkienda, msiende vijana peke yenu na simu. Beba mathe. Beba mzae kama yuko. Muulize kwanza hema inamkumbusha nini. Sisi watu wa kontenti tunapenda kusema wazazi wetu hawajui kuchill, na hatujawahi kuuliza walinyimwa na nini.

Kitu kimoja sijasema. Usiku ule Naivasha, kila mtu alilala, moto ukabaki makaa. Viboko walikuwa wanakoroma ng'ambo ya waya wa umeme. Nikafungua hema ya mathe nimwongezee blanketi. Alikuwa amelala na viatu, na kitambulisho chake kimefungwa kwa pindo la leso, kiunoni. Miaka hii yote baadaye. Nilisimama hapo kwa muda, halafu nikafunga zipu polepole.

Asubuhi sikumwambia nimeona. Nilimpa chai, na hapo ndipo akakubali kuingia kwa kayaki.

Chama kimeanza tena. Mathe amelipa wiki mbili mbele, na ametoa sharti moja: safari ijayo nimtafutie hema yenye milango miwili.